Mpira wa Reino Haukwenda Kulia

Vitone vitatu vya wino ndivyo vilivyomtoa Sajini Aune Rautio kitandani kabla hata kahawa haijachemka. Sasa vilikuwa juu ya meza ya Colette Beaudry, ndani ya mfuko wa plastiki wa ofisi ya sherifu, vimechorwa kwenye glavu nyeupe ya mkono wa kushoto iliyokauka ikakunjamana kama jani.

"Umewahi kuviona?" Aune akauliza.

Colette alifundisha gofu kwenye kibanda cha mbao kando ya uwanja wa mazoezi, miaka ishirini na miwili sasa. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walioko mita mia mbili mbele yake. Aliitazama glavu, akaweka kikombe chini.

"Nimevichora mimi. Mwezi wa sita. Kwa kalamu hiyo iliyo sikioni mwangu."

"Vya nini?"

"Vya kumkumbusha. Ukishika fimbo halafu ukatazama mkono wako wa kushoto, unatakiwa uone vifundo vitatu vya vidole. Reino alikuwa anaona kimoja. Miaka arobaini anaona kimoja. Nikamwambia, bwana, usipoviona vitone vyote vitatu, usipige."

"Na mtu anayeona kimoja anapatwa na nini?"

"Mpira wake unakwenda kulia, Sajini. Unaanza safari vizuri tu, kisha katikati ya njia unapinda kulia kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka."

Hilo la kupinda kulia Aune alilijua, ingawa hajawahi kushika fimbo maishani. Wilaya nzima ililijua. Reino Kotila, fundi mabomba mstaafu, alipinda kulia mpaka watu wakawa wanamtumia kuelekezana njia: nenda hadi kanisani, halafu fanya kama Reino. Jumanne alitoka kucheza na mbwa wake tu; Jumatano asubuhi alikutwa amekufa upande huohuo wa kulia wa shimo la saba, ndani ya machimbo ya zamani ya shaba yaliyojaa maji, kichwa kimepasuka juu ya mwamba. Mkononi alikuwa na glavu ile, na mpira wake wenye duara jekundu ulikuwa ukingoni. Kamba ya kuzuia watu ilikuwa imelala chini.

Daktari wa vifo aliandika: ajali. Alifuata mpira wake, akateleza. Lakini kamba iliyolala chini inataka mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Urho Lampinen, mtunza uwanja. Saa sita mchana wa leo, Ijumaa, mwendesha mashtaka angetia sahihi: uzembe uliosababisha kifo. Urho ana miaka sitini na sita. Jela ya jimbo ingemrudisha ndani ya sanduku.

"Kwa hiyo ulimfundisha asipinde," Aune akasema. "Akafaulu?"

"Nilimwambia yule daktari Jumatano ileile. Unajua alifanya nini? Alicheka. Samahani, maiti iko pale mezani, yeye anacheka. 'Reino anyooshe mpira? Dada, labda huko alikokwenda.' Na polisi wawili wakacheka naye."

"Mimi nilikuwa mahakamani siku hiyo."

"Ningekutafuta wewe. Nikanyamaza, nikaona nitaitwa kichaa."

"Nani mwingine alijua kuhusu masomo haya?"

"Hakuna. Hata Helmi mkewe alidhani anakwenda sauna, kuoga mvuke, kwa kaka yake. Alikuwa akija hapa alfajiri, kabla ya watu. Alitaka kumshtua Sulo kwenye mashindano ya kufunga msimu. Sulo Hautamaki amemcheka miaka arobaini, na hawa ni marafiki, wamekula pai moja tangu shule. Reino aliniambia, 'Colette, sitaki kikombe. Nataka kuiona sura yake siku moja tu.'"

Aune aliandika jina la Sulo. Lilikuwa tayari limo kwenye daftari, ukurasa wa kwanza: aliyeiona maiti. Na chini yake maneno yake Sulo aliyowaambia polisi: *Mngemtafuta wapi kwingine? Reino hata kuzimu atafika kwa kupinda kulia.* Watu walikuwa wakiyarudia maneno hayo msibani, wakijifuta machozi ya aina mbili.

"Sajini," Colette akasema. "Kama alishika fimbo kwa vitone vitatu, mpira wake haukwenda kwenye machimbo. Naapa."

"Usiape. Chukua fimbo kubwa ya Reino, tutoke."

Nje hakukuwa na nje. Ukungu wa Ziwa Superior ulikuwa umepanda tangu usiku na kuketi juu ya uwanja mzima. Ukungu wa pale si wa mchezo. Kuna mwaka Urho aliegemeza ngazi juu yake akidhani ni ukuta wa ghala, akapanda vipandio vinne kabla ya kukumbuka kwamba ghala liko upande wa pili. Yeye mwenyewe husema ni vitatu, lakini Urho ni mtu wa kujishusha.

Walimkuta kwenye banda la mashine, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananoa visu vya mashine ya kukatia nyasi ambavyo vilikuwa vimeshanolewa. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kunichukua, mama? Ngoja nimalize hiki kimoja."

"Sijaja kukuchukua, mzee. Nimekuja kukuuliza." Aune alitoa mfuko wa pili wa plastiki. Ndani mlikuwa na mpira wa gofu wenye duara jekundu la rangi ya kucha. "Huu ndio uliokuwa ukingoni. Utazame uniambie unaona nini."

Urho alifuta mikono, akauchukua mfuko, akausogeza kwenye taa. Aliuzungusha muda mrefu kiasi kwamba Colette alianza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Huu umeshazama," akasema.

"Ulikuwa juu ya nyasi. Mkavu."

"Najua ulikokuwa, mimi nilikuwepo. Nakwambia umeshazama. Tazama kwenye vishimo vyake. Ile rangi ya kijani. Maji ya machimbo yana shaba, mama, mpira ukilala humo majira mawili unashika kijani na haitoki hata uchemshe. Nilijaribu kuuchemsha mmoja, sufuria ndiyo ikageuka kijani." Akaurudisha. "Huu ulizama zamani, ukatolewa, ukakaushwa. Halafu mtu akauleta."

Aune aliurudisha mfuko kotini. "Mipira iliyozama hutolewa na nani?"

"Mimi. Kila majira ya kuchipua, kwa wavu."

"Na huwekwa wapi?"

"Kwenye ndoo mlangoni pa klabu. Tunaiita ndoo ya mayatima. Mwenye mtoto wake anamchukua."

"Mzee, wavu wako, ndoo yako, kamba yako. Unajua unajichimbia?"

"Umeuliza, nimejibu. Ulitaka nijibu uongo?" Kisha kwa sauti ndogo zaidi: "Ile kamba nimeiwaza siku tatu, siioni. Jumanne jioni nilipita pale, nikashika fundo. Naikumbuka baridi ya fundo. Lakini kama nilikaza au nilishika tu nikaondoka, sikumbuki. Kama sikukaza, basi nimemuua Reino, na wanichukue."

Aune alikata kipande cha mkate wa iliki kutoka mfukoni mwa koti, akampa. Alimwacha atafune. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Reino alikuwa anapigaje siku za karibuni?"

Urho alitazama mlango, akamtazama Colette, akatazama mkate.

"Hiyo ni siri ya mtu."

"Mtu amekufa."

"Yeye ndiye amekufa. Siri hakuniambia nayo ife."

"Urho!" Colette akadakia. "Ulijua?"

"Ningekosaje kujua, dada? Nani anaziba nyasi mnazozichimbua pale kwenye mazoezi? Kila mtu ana kovu lake. Zamani makovu ya Reino yalikuwa marefu, yameelekea kushoto, kama amefagia. Anayefagia hivyo mpira wake unapinda kulia. Mwezi wa saba nikaona yameanza kunyooka. Mwezi wa nane yakapita kiasi, yakageukia upande wa pili. Nikasema moyoni, huyu mzee anajifunza. Nikaziba kila asubuhi kabla Sulo hajapita, asije akasoma."

Aune alifunga daftari. Kitu kimoja kilikuwa kimekaa mahali pake, akakisema kwa sauti ili akisikie mwenyewe.

"Aliyeuweka mpira mkuukuu kando ya machimbo alitaka tuamini Reino amepinda kulia kama kawaida. Mtu aliyejua kwamba Reino hapindi tena asingeuweka pale. Wewe Colette ulijua. Wewe mzee ulijua. Kwa hiyo si nyinyi."

"Basi ni nani?" Urho akauliza.

"Ni mtu asiyejua. Yaani wilaya nzima, ukitoa watu wawili." Aliangalia saa. Saa mbili na robo. "Hatutamtafuta mtu. Tutautafuta mpira. Colette, umesikia alivyosema, makovu yalipita kiasi. Maana yake nini?"

"Kila anayetibu ugonjwa huu hupitia hapo. Kwanza unazidisha dawa. Wiki tatu za mwisho Reino alikuwa anapiga kushoto. Mara mbili katika tatu, kushoto, kushoto kabisa, na anacheka kama mtoto aliyeota jino."

"Shimo la saba, kushoto kuna nini?"

Colette alimgeukia Urho. Haikuwa siri, ilikuwa ni kwamba hakuna aliyewahi kuulizwa. Kwenye uwanja ule kila mchezaji hupinda kulia, kwa sababu kila mmoja alifundishwa na baba yake, na baba yake alipinda kulia. Upande wa kushoto wa shimo la saba nyasi zilikuwa ndefu hadi kiunoni na hazikuwa na hata njia ya sungura.

"Miti ya miseda," Urho akasema mwishowe. "Halafu uzio. Halafu ghala la farasi la marehemu baba yake Sulo."

Mbwa aliwatangulia kufika. Au tuseme hakuwa ameondoka: Musti, mbwa mweusi wa Reino, alikuwa amelala juu ya kilima cha kupigia cha shimo la saba tangu Jumatano, na Helmi alishindwa kumvuta hata kwa soseji. Watu wa klabu walisema anamwona bwana wake ndani ya ukungu. Aune aliinama, akamega mkate. Mbwa alinusa, akaacha. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea kushoto.

"Jumatano maiti ilipoonekana, mbwa alikuwa ametazama wapi?"

"Hivyohivyo," Urho akasema. "Machimbo yako huku, yeye anatazama kule. Tukasema amechanganyikiwa."

Upande wa kulia machimbo hayakuonekana, ila yalisikika. Maji yake hutoa mlio wakati wa baridi, tone moja ndani ya pango, kisha kimya, kisha tone. Wachimbaji kumi na mmoja walibaki mle chini zamani za mababu. Kila anayepita huvua kofia. Urho alivua yake bila kufikiri, akaivaa tena.

"Colette," Aune akasema. "Unaweza kuniigizia mtu anavyopiga?"

"Ndiyo kazi yangu. Mwanafunzi haamini anachofanya mpaka umwonyeshe."

"Nipigie kama Reino."

"Reino wa zamani?"

"Reino wa Jumanne."

Colette alitoa mipira miwili ya mazoezi yenye mstari mweusi, akasimika mmoja juu ya kigingi. Akaishika fimbo ya marehemu. Mwanzoni alikuwa Colette tu, mwanamke mfupi mwenye kalamu sikioni. Kisha akalegeza goti la kulia, bega moja likashuka, shingo ikaingia ndani ya ukosi kama ya mtu aliyelala miaka mingi chini ya masinki ya watu. Akautazama mkono wake wa kushoto. Midomo ikahesabu: moja, mbili, tatu.

"Yesu," Urho akanong'ona. "Acha, dada. Inatosha."

Aune aliweka mkono juu ya mkono wake.

Colette alitikisa kichwa cha fimbo mara tatu nyuma ya mpira. Kisha akakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili, kama alivyokohoa Reino Kotila kabla ya kila pigo tangu watu wa klabu walipoanza kumfahamu.

Na kutoka kushoto, ndani ya ukungu, kitu kikakohoa kumjibu.

Mara mbili. Kizito, cha kifuani, kikaishia kwa mkwaruzo.

Musti akasimama. Manyoya ya mgongo yalikuwa wima lakini mkia ulikuwa unatikisika, na vitu hivyo viwili havikai pamoja kwenye mbwa mmoja. Urho alijaribu kuvua kofia ambayo vidole vilikataa kuishika. Colette hakugeuka, mwili ulikuwa umeshaanza na haukuwa wake. Fimbo ikapanda. Ikashuka.

Mpira ukaanza kulia kidogo, ukageuka, ukaelekea kushoto, ukungu ukaumeza. Aune alihesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Bati likalia.

Halafu kimya, na tone moja la machimbo. Halafu sauti ya mwanamume kutoka ndani ya weupe, si kubwa, sauti ya mtu anayemsemesha aliye karibu:

"Reino?"

Colette alifungua mdomo. Aune aliinua kidole: usijibu. Kisha akauelekeza kidole hichohicho kwenye mpira wa pili.

Mpira ulianguka mara mbili kabla Colette hajausimika. Goti. Bega. Vifundo vitatu. Kikohozi. Safari hii hakuna kilichomjibu. Pigo likatoka, mpira ukapinda njia ileile, na bati likalia pale pale, kama mtu anayebisha hodi mara ya pili.

"Basi, Reino." Sauti ilikuwa imevunjika. "Basi ndugu yangu. Nilikuambia usichungulie. Si nilikuambia?"

Musti alikuwa ameshaingia kwenye nyasi ndefu.

"Bakini hapa," Aune akasema. Alifungua kifungo cha mkoba wa bastola, akamfuata mbwa, akiongozwa na mtikisiko wa majani tu. Miseda ilimlowesha mabega. Uzio ulikuwa umelazwa mahali pamoja, na hapo nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja kwa upana wa mtu anayeburutwa, zikielekea huko alikotoka, kulia, machimboni. Alisimama, akazipima kwa hatua, akaendelea.

Milango ya ghala ilikuwa wazi. Sulo Hautamaki alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, mwembamba, mzee kwa miaka mitano kuliko alivyokuwa Jumatano. Nyuma yake mlikuwa na gari la mizigo, turubai limevutwa nusu, boneti imeinuliwa. Lilikuwa jekundu. Taa ya kulia ya mbele ilikuwa imevunjika, na kioo chake cha rangi ya chungwa kilikuwa kimekatika pembeni, pengo lenye umbo la ukucha.

Aune aliujua ukucha ule. Ulikuwa kwenye kabati lake la vielelezo tangu mwezi wa pili, uliokotwa kwenye theluji karibu na mwili wa Katri Nyberg, mpiga kinanda wa kanisa, aliyegongwa akirudi nyumbani kwa miguu na kuachwa barabarani. Alikagua kila gari jekundu la wilaya. Sulo alimwambia lake ameliuza ng'ambo ya daraja, mwezi wa kwanza, na akamkaribisha kahawa.

"Halikuwaka," Sulo akasema. Hakuonekana kushangaa kumwona. "Ukungu kama huu ungefaa, ningelipeleka ziwani. Nimejaribu mara mbili. Likakohoa tu, betri imekufa. Na huko nje naye akawa anakohoa."

"Una haki ya kunyamaza, Sulo."

"Nimenyamaza tangu mwezi wa pili, Aune. Nimechoka nako."

"Weka mikono ninapoiona."

Akaiweka. Kofia ikaanguka. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo. Nimemsikia. Kikohozi chake, na pigo lake, na bati. Jumanne ilikuwa vilevile, kikohozi, pigo, bati. Nilikuwa humu ndani, turubai liko chini, napaka kutu mafuta. Nikasikia mpira juu ya paa nikajiuliza, nani huyo wa kupiga huku? Hakuna mtu aliyewahi kupiga huku. Ndiyo maana nililiweka huku."

Kitu kilichakarika kwenye upupu kando ya ukuta. Musti alitoka kinyumenyume, akajikung'uta, akaja na kitu mdomoni. Hakumpelekea Sulo. Alikiweka chini mbele ya viatu vya Aune, akaketi.

Ulikuwa mpira. Haukuwa na mstari mweusi wa mazoezi. Ulikuwa mweupe kama yai, bila doa la kijani hata moja, na rangi ya kucha ya Helmi ilizunguka tumbo lake, nyekundu, mbichi.

Sulo aliutazama.

"Ndio huo. Niliutafuta usiku kucha na sikuuona. Nikachukua mwingine kwenye ndoo."

"Akaja kuufuata."

"Hakuja kuufuata, Aune." Sulo alipangusa pua kwa kiwiko. "Alikuja mbio. Reino, na magoti yale! Alikuja anacheka, anapaza sauti toka kwenye uzio: 'Sulo! Sulo, uko humo? Umesikia? Kushoto! Miaka arobaini, na leo kushoto!' Alikuja kunionyesha. Hakuwa na habari za gari. Nikamwambia usiingie, Reino, simama hapohapo, usichungulie. Akadhani natania. Akausukuma mlango ili anione nikiwa na sura gani." Alitazama mlango. "Akaniona. Kisha akaona nyuma yangu. Alikuwa bado anacheka, kicheko hakikuwahi kumtoka. Nilikuwa nimeshika spana."

Tone la machimbo lilisikika hata huku.

"Na ukampeleka kulia," Aune akasema.

"Ningempeleka wapi? Ndiko alikokuwa akienda siku zote."

"Kamba?"

"Ilikuwa imekazwa vizuri mno. Fundo la Urho, mwanaharamu yule. Nilipoteza robo saa na kucha mbili kulifungua gizani."

Aune alimfunga pingu, akamketisha juu ya sanduku la shayiri, akaita redioni. Aliomba magari mawili na mpiga picha. Kisha akaomba aunganishwe na ofisi ya mwendesha mashtaka. "Mwambie aweke kalamu chini," akasema. "Ndiyo, sasa hivi. Kama yuko chooni, mgongee."

Polisi wa kwanza alipofika, naye alikuja akipapasa ukungu kwa mikono kama kipofu, Aune alimwachia mfungwa na kurudi kilimani. Colette alikuwa bado amesimama mbele ya kigingi kitupu, goti limelegea, bega limeshuka.

"Unaweza kuiachia sasa," Aune akamwambia.

"Nimejaribu. Vidole havitaki."

Aune alivifungua kimoja kimoja. Vilikuwa baridi, na juu ya mkono wa kushoto vifundo vitatu vilikuwa vimesimama vyeupe kwa kukaza. Fimbo ilipoanguka, Colette alijinyoosha, akajishika kiuno, akawa mfupi tena.

Urho alikuwa ameketi kwenye nyasi iliyolowa. Alikuwa amesikia sauti lakini si maneno. Alimtazama Aune kama mtu anayetazama bahasha ambayo haijafunguliwa.

"Uliikaza, mzee," Aune akasema. "Ilimchukua robo saa kuifungua, na kucha mbili."

Urho alifungua mikono. Akatazama viganja vyake, upande huu na upande ule, kama mtu anayekagua chombo alichokuwa amemwazima mtu mbaya na kikarudi kizima.

"Robo saa?"

"Amesema mwenyewe. Na amekutukana."

"Kucha mbili," Urho akarudia. Akainuka kwa shida, akajikung'uta matako, akaanza kutembea kuelekea upande wa kulia. Alipofika pale ukungu unapoanza kumfuta mtu miguuni alivua kofia.

"Unakwenda wapi?"

"Kamba bado iko chini," akajibu bila kugeuka. "Mtu anaweza kutumbukia."